Kukimbia vita na kukimbia kwa afya: kwa nini sipoti ni ngumu kwa mtu mwenye troma, na nini inaweza kumsaidia

Bwegera, teritware ya Uvira. Katika uwanda wa Ruzizi, mtu akisema kwamba halali usiku, moyo unampiga bila sababu na mawazo ni mengi, jibu analopewa ni fupi: fanya sipoti, stresi itaisha. Ushauri huo si mbaya. Lakini wengi wanajaribu siku moja ao mbili, kisha wanaacha, na majirani wanasema ni uvivu. Katika habari hii tunaangalia kinachomzuia mtu aliyeona mabaya kufanya mazoezi, kinachomsaidia kuendelea, na kile ambacho sisi wenyewe hapa tunaweza kubadilisha bila pesa nyingi.

Neno moja kwa mambo mawili

Kiswahili chetu kiko na neno moja: kukimbia. Mtoto anakimbia kwenye kiwanja cha mpira. Familia inakimbia vita. Kutoka neno hilo tunapata pia mkimbizi. Na hapa kwetu, mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi kwenye barabara ya kitaifa nambari 5, wanaomwona hawaulizi anajitayarisha kwa mashindano gani. Wanauliza: kuko nini? Kuna mama anayeshika watoto wake mkono kabla ya kupata jibu.

Hofu hiyo iko na historia. Tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera, kule juu milimani, ilishambuliwa. Wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Daktari Denis Mukwege, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ndiye alikuwa anaiongoza. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto Sange. Watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wao wakiwa kwenye vibanda wanaangalia Kombe la Dunia. Juni 2014, usiku mmoja Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa. Aprili 2020, maji ya mto Mulongwe yaliingia manyumbani Uvira, na makumi ya watu wakafa. Februari 2025, watu kwa makumi ya maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Desemba ya mwaka huo huo, vita vilishuka kwenye uwanda mpaka Uvira mjini, na watu wakavuka mpaka tena.

Mtu wa miaka 35 aliyekulia hapa amekimbia kwa miguu mara nyingi. Lakini karibu kila mara ilikuwa kwa kuokoa roho. Unapomwambia mtu huyo akimbie kwa afya, akili yake inasikia, lakini mwili wake unakumbuka jambo lingine.

Kengele isiyozimika

Namna gani mwili unakumbuka? Wakati wa hatari, mwili unatoa dawa yake wenyewe, inaitwa adrenalini. Moyo unapiga haraka, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, misuli inakaza. Hiyo ni kengele, na kazi yake ni nzuri: inakupa nguvu ya kutoroka. Hatari ikipita, kengele inatakiwa kuzimika. Kwa mtu mwenye troma, haizimiki vizuri. Inabaki chini chini, na kitu kidogo kinaiamsha tena: mlango unaogonga, pikipiki inayolipuka moshi, harufu ya mafuta.

Sasa angalia kinachotokea mtu akianza sipoti. Moyo unapiga haraka. Pumzi inakuwa fupi. Jasho linatoka. Ni dalili zile zile za siku ile mbaya. Mwili hauna njia ya kujua haraka kama leo ni mazoezi na siku ile ilikuwa masasi. Mtu anapatwa na woga mkali, anafikiri atakufa ao atapata wazimu, anakaa chini. Kesho yake harudi.

Wanasaikolojia wanajua jambo hili kwa muda mrefu: kuna watu wanaoogopa dalili za mwili wao wenyewe kuliko kitu kilicho nje. Hao wanakwepa kila kitu kinachofanya moyo upige. Wanakwepa kupanda mlima, kucheza ngoma, hata kutembea haraka. Na kwa kuwa hawafanyi mazoezi, mwili unazidi kuwa dhaifu, na kazi ndogo tu inatosha kupandisha moyo. Woga unaongezeka tena. Ni duara. Anayemwita mtu huyo mvivu anamsukuma zaidi ndani ya duara hilo.

Mambo ambayo watafiti walipata

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri watu wazima wafanye mwendo wa kadiri wa dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Hiyo ni sawa na kutembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Mwendo wa kadiri ni ule ambao bado unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Shirika hilo linasema pia kwamba mwendo mdogo ni bora kuliko hakuna.

Je, inasaidia mwenye troma kweli? Nchini Australia, watafiti walifuata wagonjwa 81 waliolazwa kwa sababu ya troma, na matokeo yalitolewa mwaka 2015. Wote walipata matibabu ya kawaida. Kundi moja liliongezewa mazoezi ya nguvu ya dakika 30, mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea, kwa wiki 12. Kundi hilo lilipata nafuu zaidi: dalili za troma zilipungua, huzuni ilipungua. Zingatia neno moja hapo: waliongezewa. Mazoezi hayakuchukua nafasi ya matibabu.

Lakini Australia ni mbali, na hospitali yao si sentre ya afya ya kwetu. Karibu na sisi kuko mfano wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, eneo lililoteswa miaka mingi na vita vya LRA. Kule kulikuwa ligi ya mpira ya vijana inayoitwa Gum Marom Kids League, iliyolenga kujenga amani na afya. Watafiti walipima afya ya akili ya vijana waliocheza wiki 11 na ya wale ambao hawakucheza, na mwaka 2014 wakatangaza matokeo. Kwa wasichana hakukuwa tofauti. Kwa wavulana, dalili za huzuni na wasiwasi zilikuwa mbaya zaidi kwa waliocheza kuliko kwa ambao hawakucheza.

Matokeo haya yanatuhusu moja kwa moja. Hapa Kivu ya Kusini, kila baada ya vita, jambo la kwanza tunalofanya kwa vijana ni mashindano ya mpira kwa ajili ya amani. Mipira inaletwa, fulana zinagawanywa, kikombe kinakabidhiwa mbele ya viongozi, picha zinapigwa. Gulu haitufundishi kuacha mpira. Inatufundisha kwamba mpira peke yake si dawa. Ligi ni kushinda na kushindwa, ni kuchaguliwa na kuachwa benchi, ni kuzomewa na watazamaji. Kijana ambaye moyo wake bado uko na kidonda anaweza kutoka kiwanjani akiwa mbaya kuliko alivyoingia, na hakuna anayemwona sababu wote wanaangalia mabao.

Kinachozuia hapa kwetu

Kwanza ni mahali. Kiwanja cha mpira kinatakiwa kuwa mahali pa furaha. Kwa wengi wetu ni mahali pa kulala chini ya bashi. Mwaka 2025, maelfu ya watu waliovuka Ruzizi walikaa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, katika Burundi, wakisubiri kupelekwa sehemu nyingine. Mtu aliyelala pale na watoto kwa wiki nyingi, nyasi za kiwanja zinamwambia njaa na mvua. Usishangae akikataa kuingia kiwanjani.

Pili ni saa. Jua la uwanda ni kali, basi mazoezi yanawezekana alfajiri ao jioni. Lakini alfajiri na jioni ndizo saa ambazo watu wanaogopa kuwa njiani. Woga huo si ugonjwa. Mahali ambapo kuko watu wenye silaha, kuogopa njia tupu ni akili nzuri. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mtu ashinde woga wake na atoke peke yake giza. Tumtafutie saa nyingine na watu wa kutoka naye.

Tatu ni sauti. Mwalimu anayepiga filimbi masikioni, anayefokea vijana, anayewapanga mistari na kuwaadhibu kwa kuruka kichura, anafikiri anajenga nidhamu. Kwa kijana aliyepitia mikononi mwa kundi la silaha, ao aliyeona ndugu zake wakipangwa mstari, hayo si mazoezi. Ni kurudishwa kule.

Nne ni hali ya wamama. Mama amebeba bido ya lita 20, ametoka shamba la muhogo, amepika, na bado anaambiwa afanye sipoti. Akivaa suruali na kukimbia, midomo inaanza. Na kuko jambo ambalo halisemwi: wamama waliobakwa, wengine wako na maumivu ya tumbo na kiuno, ao fistula, na mkojo unatoka wakiruka. Mama wa namna hiyo hataeleza mbele ya watu sababu ya kukataa kuruka. Atasema tu hana muda. Anahitaji kuonana na muuguzi kabla ya kuonana na mwalimu wa sipoti.

Tano ni tumbo na usingizi. Mtu anayekula mara moja kwa siku na kulala saa tatu, hana akiba ya nguvu. Kumsukuma ni kumwangusha. Na wengine wanatafuta usingizi ndani ya kanyanga. Pombe inamlaza kwa muda, kisha usiku wa manane anaamka na woga mara mbili, na asubuhi hana mwili wa kutembea.

Lakini si tunalima kila siku?

Hili ni swali la haki. Watu wa Bwegera, Luberizi na Luvungi hawakosi mwendo. Wanalima mpunga, wanabeba magunia, wanatembea kilomita nyingi. Kwa nini kazi hiyo haiwaponyeshi stresi?

Jembe linafaidi misuli na moyo. Lakini tafiti zinaonyesha kwamba mwendo ambao mtu anauchagua mwenyewe kwa kujiburudisha unaenda pamoja na afya nzuri ya akili kuliko mwendo wa kazi. Kwa nini? Kazi ya shamba hapa inafanywa na mawazo: je, mavuno yatabaki, ng'ombe hawataingia, nitafika nyumbani salama? Mwili unafanya kazi na kengele inaendelea kulia. Hukuchagua, na huwezi kuacha ukichoka.

Hapo ndipo tunaona kiini cha jambo lote. Troma ni kitu kilichomtokea mtu bila yeye kuchagua. Mwili wake ulifanywa kitu mikononi mwa wengine. Mazoezi yanayoponya ni yale yanayomrudishia mtu uamuzi juu ya mwili wake: naanza mimi, naenda mwendo wangu, nasimama nikitaka. Mazoezi ya kulazimishwa, hata yakiwa na nia nzuri, yanakosa sehemu ile inayoponya.

Kinachosaidia

Kueleza kabla ya kuanza. Mwambie mtu wazi: moyo wako utapiga, utatoka jasho, na hiyo ni alama kwamba mwili unafanya kazi, si alama ya hatari. Ukisimama, baada ya dakika chache utatulia. Akishaona mara tano, mara kumi, kwamba moyo unapanda na unashuka na hakuna kibaya kilichotokea, mwili unaanza kujifunza upya. Hilo ni dawa kubwa kuliko misuli.

Kuanza kidogo sana. Dakika tano za kutembea mpaka kwa jirani na kurudi. Wiki inayofuata dakika kumi. Haitakiwi kufika dakika 150 mwezi wa kwanza. Anayeanza na mbio ndefu kwa hasira, siku ya tatu yuko kitandani.

Kutembea na mtu unayemwamini. Wawili ao watatu wanatosha. Mnachagua njia mnayoijua na saa ambayo watu wengine wako njiani. Kwa wengi, kuongea mkiwa mnatembea bega kwa bega ni rahisi kuliko kukaa uso kwa uso mbele ya mtu anayeandika.

Kutumia vile tulivyo navyo. Korali za makanisa yetu zinacheza na kupiga makofi saa nzima, na hakuna anayesema kwamba mama amepoteza haya. Vikundi vya wamama vya kuweka akiba vinakutana kila wiki. Dakika kumi na tano za kunyoosha mwili na kucheza kabla ya kuhesabu falanga hazina gharama. Wasichana wako na nzango, mchezo wa kuruka, kuimba na kupiga makofi ambao Wakongomani wanaujua tangu zamani. Unachezwa na kikwembe, bila mpira na bila kiwanja kikubwa.

Ruhusa ya kusimama. Katika kundi, kila mtu ajue kwamba anaweza kukaa chini bila kuulizwa sababu. Mtu akirudishwa na mawazo ya siku mbaya, asimame, akanyage ardhi vizuri, apumue pole pole, atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, kisha ataje vitu vitano anavyoona: mti, nyumba, mbuzi, mlima, rafiki. Hiyo inamrudisha hapa na leo. Usimshike kwa nguvu, usimmwagie maji.

Na mambo ya mwili tusiyasahau. Fanyeni kabla jua halijapanda ao likiwa limeshuka. Kunyweni maji safi, yaliyochemshwa ao kutiwa dawa. Eneo la Uvira na kando ya ziwa linajua kipindupindu. Mama mjamzito, mtu mwenye ugonjwa wa moyo ao presha, na mwenye kidonda kisichopona, waulize muuguzi kwanza. Maumivu ya kifua yanayobana na kushuka mkono, usiseme ni stresi. Enda sentre ya afya mara moja.

Kwa walimu wa timu na wanaoleta miradi

Kama mnapanga ligi, ongezeni siku moja ya wiki isiyo na mabao wala kikombe, ambapo kila anayekuja anacheza. Changanyeni vijana wa jamii zote katika timu moja. Timu ya kabila moja dhidi ya kabila lingine, katika uwanda huu, ni kuchezea moto. Mwalimu asitumie matusi wala adhabu za kijeshi. Na awepo mtu mmoja, muuguzi ao msaidizi wa kisaikolojia, ambaye kazi yake si kuangalia mpira bali kuangalia yule aliyekaa kando peke yake.

Pesa za kikombe na fulana zinaonekana kwenye picha. Pesa za mtu wa kusikiliza hazionekani. Lakini mfano wa Gulu unatuonyesha kwamba bila huyo wa pili, wa kwanza anaweza kuharibu.

Sipoti ni fimbo ya kuegemea, kutibu ni jambo lingine

OMS inakadiria kwamba katika maeneo ya vita, mtu mmoja kati ya watano yuko na tatizo la afya ya akili. Wengine wao hawatapona kwa kutembea tu. Na habari njema ni kwamba matibabu yanawezekana hata kwetu. Mwaka 2013, utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, na wamama 405 waliopitia ubakaji, ulionyesha hivi: miezi sita baada ya tiba ya kuongea kwa kikundi, iliyoongozwa na wasaidizi Wakongomani waliopewa mafunzo, ni 9 kwa mia tu waliobaki na dalili nzito za huzuni ao wasiwasi. Kwa wale waliopata msaada wa kawaida, walikuwa 42 kwa mia. Na Bukavu, Cité de la Joie, iliyofunguliwa mwaka 2011, inaunganisha yote mawili: wamama wanaongea, na pia wanacheza ngoma na kujifunza kujilinda kwa mwili wao.

Kwa hiyo, kama ndugu yako halali kwa wiki nyingi, hataki kula, anakunywa bila kipimo, ao anasema kwamba afadhali kufa, usimpeleke kiwanjani. Usimwache peke yake. Mfuatane mpaka kwenye kituo cha afya, na umwambie muuguzi mambo yote bila kuficha. Anaweza kuwaelekeza Uvira ao Bukavu, mahali kuko wataalamu.

Kuko watakaosema: tuleteeni amani kwanza, sipoti baadaye. Ni kweli, hakuna zoezi linalochukua nafasi ya usalama, na wenye kuongoza nchi wasitumie mazungumzo ya troma kwa kusahau wajibu huo. Lakini amani ikichelewa, miili yetu haingoji. Inaendelea kuchoka, na watoto wanajifunza woga kutoka kwa wazazi. Wiki hii, chagua jirani mmoja ambaye hatoki tena nyumbani. Usimwambie akimbie. Mwalike mtembee pamoja mpaka kisimani na kurudi, na yeye ndiye aamue mwendo.